Saa Nane ya Usiku, Chini ya Mnara

Saa nane ya usiku kijiji cha Nkoma kimelala. Gulio limekwisha na simu zimewekwa chaji kando ya mito ya kulalia. Ndiyo saa ambayo mafundi wa mitambo ya simu hupenda kuitumia kubadili programu ya mnara, kwa kuwa wapigaji ni wachache. Wachache, lakini wapo. Uchungu wa kujifungua hauchagui saa, na namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, haimsaidii mtu ikiwa mnara uko kimya. Kila ninapoiwaza kazi ya mafundi hawa naanzia kwa mama aliyeshikwa na uchungu saa hiyo.

Zamani redio ilizaliwa na kazi moja ikafa nayo. Fundi aliyetaka kuihamisha masafa alifungua boksi, akabadili kristali, akazungusha koili kwa bisibisi ya plastiki huku ametega sikio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Joseph Mitola alianza kuandika juu ya redio ya namna nyingine: mawimbi yageuzwe kuwa namba mapema iwezekanavyo, na kazi iliyobaki ifanywe na programu. Mwaka 2004 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliidhinisha mtambo wa kwanza wa aina hiyo, wa kampuni ya Vanu, ambayo baadaye ilikuja kujenga minara midogo ya umeme wa jua vijijini Rwanda. Leo mitambo mingi ya minara imeundwa kwa wazo hilo. Boksi lililokuwa likihudumia 2G peke yake linaweza kuongezewa 4G, ikiwa masafa yake yanaruhusu, bila mtu kupanda juu na spana.

Na ni lazima iwe hivyo. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za Tanzania. Hakuna kikosi cha wapandaji kinachoweza kuizungukia minara yote hiyo kila programu inapotoka.

Programu hutumwa kutoka mbali. Ila amri inayoweza kutoka Dar es Salaam inaweza pia kutoka kwa mtu asiyehusika kabisa. Mtambo uliobadilishwa na mkono mbaya unaweza kuongezewa nguvu kupita kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, au kuhamia kwenye masafa ya wengine na kuwavuruga, au kusikiliza usichopaswa kusikiliza. Kwa hiyo mtambo wenyewe hufundishwa kukataa.

Aliyewahi kusimamishwa njiani na sungusungu usiku ataelewa: kabla ya kuulizwa umebeba nini, unaulizwa wewe ni nani na umetoka kwa nani. Programu mpya kabla ya kutoka kwa mtengenezaji hupitishwa kwenye hesabu inayotoa alama fupi, mara nyingi ya biti 256. Ukibadili herufi moja kati ya mamilioni, alama inakuwa nyingine kabisa. Mtengenezaji huisaini alama hiyo kwa ufunguo wake wa siri. Mtambo ulioko kijijini hauna ufunguo huo. Una mwenzake, ufunguo wa wazi, uliowekwa ndani ya chipu kiwandani, nao unaweza kukagua saini tu, hauwezi kuiandika. Hata mwizi akikata kufuli na kuubeba mtambo mzima, hapati humo kitu cha kumwezesha kughushi. Sehemu hii huniburudisha kila ninapoieleza: siri haikusafirishwa kwenda porini, imebaki kwa mwenyewe.

Lakini saini peke yake haitoshi. Toleo la mwaka juzi, lenye tundu ambalo wadukuzi wote wameshalijua, bado lina saini halali. Adui hana haja ya kughushi. Anahitaji tu kuirudisha programu ya zamani, kisha apite kwenye tundu lake. Kwa hiyo ndani ya chipu huwekwa kihesabio kinachopanda na hakishuki kamwe, na toleo lolote lililo chini yake hukataliwa hata likija na saini safi.

Sasa tazama ugumu. Fundi naye anahitaji kurudi nyuma! Toleo jipya likigoma saa nane na nusu, kitu cha pekee kitakachoiokoa Nkoma ni lile la jana. Mlango anaoutaka adui ndio huohuo anaouhitaji fundi, na ustadi wote uko katika kujua ubaki wazi kwa muda gani.

Hivyo kumbukumbu ya mtambo hugawanywa vyumba viwili. Programu mpya huandikwa katika chumba cha pili wakati ile ya zamani ikiendelea kupitisha simu za watu. Fundi hukagua saini, hukagua betri, hukagua kwamba kiungo cha kurudi kituo cha udhibiti hakiyumbi, ndipo anauamuru mtambo uzime na kuwaka upande mpya. Saa ya ndani huanza kuhesabu. Mtambo usipojitokeza kituoni ndani ya dakika zilizowekwa, hurudi wenyewe kwenye chumba cha zamani, bila kusubiri mtu aendeshe gari kutoka Bariadi. Dakika hizo hakuna anayezungumza sana.

Ukiwaka vizuri, fundi asiye na subira hukipandisha kihesabio palepale akaenda kulala. Fundi ninayemheshimu hafanyi hivyo. Hupiga simu ya majaribio, hufungua data, husoma kengele moja baada ya nyingine, kisha huiacha njia ya kurudi wazi kwa makusudi huku akiilinda kwa macho. Usiku wa wapigaji wachache haujamthibitishia lolote. Anangoja siku ya gulio, wauza mbuzi na mawakala wa fedha za simu wote wawe hewani kwa mpigo, asome takwimu za simu zilizokatika, alinganishe na za gulio lililopita. Zikimridhisha, ndipo anaandika amri ya mwisho, anaisoma mara ya pili, na kuufunga mlango wa nyuma.