Ajabu na Sheria Yake: Maoni Juu ya Vitabu Vichache vya Vijana

Miezi michache iliyopita tulijipa kazi ambayo baadhi ya wenzetu waliiona haimfai mtu mwenye mvi: kusoma vitabu vya maajabu wanavyovipenda vijana, vya Kiingereza na vya Kiswahili, na kuvipima vyote kwa mizani moja. Sababu ya kazi hiyo ni hii. Kijana wa Arusha anayetamani habari za mchawi aliye mwanafunzi, au za chombo kinachoruka baina ya sayari, huzitafuta kwa Kiingereza. Hununua vitabu vilivyokwishatumika kando ya barabara, au huazimana na wenzake, na asiyepata kitabu hutazama filamu. Haimpitikii kukiendea Kiswahili kwa haja hiyo. Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya mtihani; ndoto zake ameziazimia lugha nyingine. Tulitaka kujua kama kosa ni la kijana, au ni la vitabu tulivyomwekea mezani.

Watu wengi hudhani kuwa hadithi ya maajabu ni rahisi kutunga, kwa kuwa mtunzi wake ana ruhusa ya kusema lolote. Hatukubaliani nao. Mtunzi wa shairi la tarbia hujifunga mwenyewe kwa vina na mizani, na uzuri wa shairi lake hutokana na kujifunga huko. Mtunzi wa maajabu naye hana budi kujifunga. Akisema kuwa katika nchi yake watu huruka, sharti atuambie nani asiyeruka, anayeruka hulipa nini, na huanguka kwa kosa gani. Ajabu isiyo na sheria haitishi wala haifurahishi, maana msomaji hajui kwa nini jambo hili limewezekana na lile limeshindikana.

Wazee wetu walilijua hilo kabla ya kuwako vitabu. Wamaasai, ambao Warusha wa miteremko ya Meru ni ndugu zao kwa lugha, wana hadithi ya Leeyo, iliyoandikwa katika kitabu cha Hollis mwaka 1905. Leeyo alipewa na Mungu maneno ya kusema pindi mtoto afapo: mtu afe kisha arejee, mwezi ufe usirejee. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake, na Leeyo akayageuza maneno kwa makusudi. Alipofiwa na mwanawe mwenyewe aliyasema sawasawa, akajibiwa kuwa amechelewa, kwa kuwa neno lilikwisha kupita kwa yule wa kwanza. Sheria ni moja, kosa ni moja, malipo ni ya wanadamu wote. Wala msimulizi hasimami katikati kutuhutubia juu ya ubaya wa choyo. Anatuachia mwezi utuambie kila unapoandama.

Kwa mizani hiyo tuliwapima kwanza wageni. Ursula Le Guin wa Marekani, katika A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968, ameweka kanuni kuwa ajuaye jina la kweli la kitu ana uwezo juu yake. Kijana mwenye kiburi anautumia uwezo huo kwa kushindana na mwenzake, anakiachia duniani kivuli kiovu, na sehemu kubwa ya kitabu ni kulilipa deni hilo. Mwalimu wa Ngaramtoni hatapata taabu kulieleza jambo hili darasani, kwani katika jamii za Kimaasai jina la marehemu halitajwi ovyo. Vitabu saba vya J. K. Rowling, vilivyotoka baina ya mwaka 1997 na 2007, tumevipenda kwa shule yake kuliko uchawi wake. Sheria za bweni, za mwalimu mkali na za mashindano ya michezo zinashikwa barabara, na ndizo zinazomfanya mwanafunzi wa bweni wa huku kwetu ajione humo. Lakini vile vya mwisho ni vinene kupita haja, na dawa mpya huzuka kila mwandishi anapobanwa na kisa chake.

Tukirudi nyumbani, kitabu kilichotuthibitishia kuwa Kiswahili hakina upungufu wowote katika jambo hili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Asili ya kisa chake imo katika Alfu Lela Ulela, na hilo si aibu. Adili ana nyani wawili ambao hana budi kuwapiga kila usiku. Nyani hao ni ndugu zake wa damu, waliomhusudu wakamtosa baharini, na adhabu ile imewekwa na jini aliyemwokoa. Adili akiacha kupiga, ghadhabu itamgeukia yeye. Hebu mwanafunzi alifikiri jambo hilo kwa makini. Mtu mwema analazimishwa na sheria ya ajabu kufanya tendo la ukatili, usiku kwa usiku, kwa watu ambao angependa kuwasamehe. Mawaidha yamo, na ni mengi kama ilivyo desturi ya mwandishi huyu, lakini hayawezi kuizima sauti ya mjeledi. Hata msomaji anayeyaruka mawaidha atabaki na swali: lini mtu ana haki ya kuivunja amri ya aliyemwokoa?

Kusadikika, cha mwaka 1951, kina sifa kubwa zaidi, na kwa hoja zake za haki na sheria kinastahili sifa hiyo. Lakini tukikipima kama hadithi ya maajabu, kwa heshima zote tunasema kuwa kimepungukiwa. Mwandishi ametuahidi nchi iliyo angani, iliyopakana na pepo. Ni ahadi tamu ilioje! Kisha ametutia katika baraza la mashtaka, Karama akijitetea, na kwa kurasa nyingi tunasahau kuwa chini ya miguu ya mahakimu hakuna ardhi. Wajumbe wanaotumwa pande sita wanaturudishia ajabu kidogo, hasa waendao mbinguni na ardhini, lakini kila safari imekwisha kugeuzwa hoja ya wakili kabla hatujaishangaa. Tunaelewa sababu yake. Mwandishi alikuwa chini ya utawala wa kigeni, na anga lilikuwa vazi la kusitiri maneno makali. Vazi lilifaa kwa wakati wake. Waliomfuata, ambao wengi wao hawakuwa na la kusitiri, wamelivaa vazi hilo hilo bila kujiuliza kama linawatosha.

Juu ya tafsiri hatuna mengi. Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha mwaka 1929, kina mwendo mzuri wa kisa, na dharau yake kwa Mwafrika yafaa mwalimu aizungumze waziwazi badala ya kuificha. Elisi katika Nchi ya Ajabu cha mwaka 1940 kilimchora Elisi kama msichana wa Kiafrika, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikitafsiri upya kisa hicho kwa Kiswahili chenye uhai. Anayedai kuwa upuuzi wenye akili hausemeki kwa lugha yetu na akisome.

Kitabu kilichotushughulisha kuliko vyote ni Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, kilichotolewa mwaka 1995. Huyu alikuwa mwanasosholojia aliyepata kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake katika miaka ya 1980, na yaonekana alijua anachokisema juu ya mashtaka na hukumu. Dzombo wake anahukumiwa kurushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake hawanyonyani. Na ukilikata jina hilo vipande utasikia kuwa wale ni sisi. Mwanzo wake ni wa riwaya ya kisayansi hasa: mtu mmoja, chombo asichokizoea, na mauti nje ya ukuta mwembamba. Tulisoma kurasa hizo kwa pumzi moja. Lakini Dzombo akishafika, chombo kinasahauliwa na maelezo yanaanza. Wenyeji wanamfafanulia jinsi wanavyofanya kazi, wanavyogawana na wanavyoishi, naye anauliza maswali ya mwanafunzi mtiifu. Tunayapenda mengi ya yale wanayoyasema. Sisi tuliokulia katika mji uliolipa Azimio la mwaka 1967 jina lake hatuhitaji kushawishiwa kuwa unyonyaji ni dhuluma. Tulichokitafuta tusikione ni gharama: mtu hata mmoja wa Walenisi aliyechoka, aliyehusudu, au aliyetamani cha mwenzake usiku wa manane, na nchi ikalazimika kuamua la kumfanya. Hapo ndipo kijana angeiamini nchi ile na kuitaka.

Bina-Adamu! cha K. W. Wamitila, cha mwaka 2002, kina uchangamfu zaidi. Kumtwaa Peter Pan kutoka katika kitabu cha watoto cha Waingereza na kumfanya mvurugaji wa dunia nzima ni ubunifu wa kupigiwa makofi, na neno lake la utandaufu limetuchekesha tukiwa peke yetu. Nagona na Mzingile vya Kezilahabi ni vya ngazi ya juu. Kumpa mwanafunzi wa Kidato cha Pili ni kumkatisha tamaa.

Sasa tuseme na walimu. Kwa miaka mingi vijana wa kidato cha tatu na cha nne walisoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Ni vitabu vyenye manufaa, na hatuombi viondolewe katika maktaba. Lakini tumfikirie mtoto aliyekifungua kile cha tatu kwa tamaa ya joka, akakuta kuwa joka lenyewe ni mfano tu wa mwanadamu! Kisha akaulizwa atoe hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Swali la namna hiyo huwafundisha hata waandishi, kwa maana mwandishi anayejua kuwa ataulizwa hoja tatu huzipanga tatu tayari, na ajabu hufukuzwa ili zipate nafasi. Tuzo ya Burt, iliyowatia moyo waandishi wa vitabu vya vijana nchini mwetu, ilidai miswada ya Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imefungua mlango wa Kiswahili. Tungependa kuwaona watunzi wa maajabu wakiupita.

Wasituambie kuwa hawana cha kuandika. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, uliporomoka ubavu wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde ya vifusi vyake. Mtoto wa Ngarenanyuki analala juu ya mlima ulioanguka. Maji ya sehemu hizo yana floridi nyingi, itiayo meno rangi ya kahawia na kuipinda mifupa ya watu. Na katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wameyasafisha maji hayo kwa mkaa uliochomwa kutokana na mifupa ya wanyama. Mlima unaingia katika mifupa ya watu kwa njia ya maji, na mifupa ya wanyama inautoa! Angekuwa ni mganga wa hadithini aliyelitaja sharti hilo, tungemsifu kwa ubunifu. Bei imo, kosa limo, na mtu wa kulipa yumo. Mwalimu wa Kiswahili wa Usa River au wa Maji ya Chai anaweza kuanza juma lijalo, kwa ndoo moja ya maji juu ya meza ya darasa, na kwa swali ambalo halidai hoja tatu: katika nchi ya kisa chako, anayeyanywa maji haya hupewa nini, na hunyang'anywa nini?