Kisa cha Nada na Simulizi za Laiboni

Kati ya matoleo 75 ya The Sandman, mfululizo wa hadithi za picha wa Neil Gaiman (1989–1996), toleo la tisa ndilo limgusalo zaidi msomaji wa Kajiado. Humo mzee amsimulia kijana aliyetahiriwa karibuni kisa cha Nada, malkia aliyempenda Bwana wa Ndoto, akakataa kuwa mkewe, akahukumiwa jehanamu. Kifani, mwandishi amefaulu: kisa ni cha wanaume, na yadokezwa kuwa wanawake wanacho chao, tofauti. Hukumu ya Bwana wa Ndoto basi yaelemea upande wa wasimulizi wake.

Udhaifu umo katika mandhari. Kabila halitajwi, ni Afrika tu, na mchanga. Umaasaini ndoto ina wenyewe, ukoo wa laiboni, na yazua ugomvi wa kweli. Mbatiany alipofariki, mnamo 1890, wanawe Lenana na Sendeyo walipigania urithi. Katika simulizi aliyoichapisha Hollis mwaka 1905, Lenana alijificha bandani mwa ndama, akasikia ahadi ya baba, akamtangulia nduguye alfajiri. Hila ya mshindi imo wazi ndani ya kisa chenyewe. Gaiman aliiachia kisa cha wanawake, ambacho hakukiandika.