Kistari Kilichokosewa: Uchambuzi wa Sauti ya Kwanza katika Tenzi za Masasi na Newala

Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba melodi katika kwaya za makanisa, kuanzia Mtandi, Masasi, hadi ukingo wa uwanda wa Makonde kule Newala. Waimbaji wake husoma solfa, hujifunza kwa sikio zaidi kuliko kwa kitabu, na kwa kawaida hulaumiwa kwa kupiga kelele wafikapo mwisho wa mstari. Lawama hiyo inawaendea wasiohusika. Kosa liko kwenye karatasi: maneno ya Kiswahili yaliwekwa juu ya melodi za Kiingereza pasipo kurekebisha urefu wa noti. Uamuzi huo haukuwa sahihi hata siku ulipofanywa, na anayeulipia mpaka leo ni soprano.

Historia yenyewe inajulikana. Mmisionari wa Kianglikana Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Zanzibar. Baada ya uvamizi wa Wangoni wa 1882, mmisionari mwenzake Chauncy Maples alihamishia kazi Newala kwa chifu Matola, na baadaye misheni ikarudi Masasi, ambayo ikawa dayosisi mwaka 1926. Shule, uchapaji na tafsiri za misheni hiyo zilikuwa kazi nzuri.

Ila jambo moja halisameheki kirahisi. Katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha 1870, Steere mwenyewe aliandika kwamba mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni ilikuwa imechapishwa, tena na mwanzilishi wa misheni ya Masasi. Hata hivyo tenzi zilifuata mizani ya Kiingereza, ambamo mistari mingi huishia kwenye silabi yenye mkazo.

Mfano ulio wazi kabisa ni melodi ya Eventide, aliyoitunga William Henry Monk mwaka 1861, ambayo huimbwa kwa Kiswahili jioni na mazishini. Mstari wa kwanza una silabi kumi. Silabi ya tisa imepewa noti fa kwa pigo moja, mwishoni mwa bari, mahali dhaifu. Silabi ya kumi imepewa mi, mwanzoni mwa bari inayofuata, kwa mapigo manne. Kwa Kiingereza hilo ni sawa, kwa kuwa silabi ya kumi ndiyo yenye mkazo. Kwa Kiswahili ni kinyume: silabi iliyopaswa kuvutwa inamezwa, na ile iliyopaswa kuachwa itue inashikiliwa bari nzima. Mwimbaji wa Newala huhisi kasoro hiyo zaidi ya mwingine yeyote, maana Kimakonde huvuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho hata katika mazungumzo ya kawaida. Anaombwa aimbe kinyume cha ulimi wake, kisha anaambiwa hana pumzi.

Pumzi anayo. Inapotelea kwenye silabi isiyostahili kubebwa, na pale inapohitajika hakuna nafasi ya kuitumia. Mwalimu wa sauti akiisikia kwaya hiyo atatoa mazoezi ya kiwambo, ya kusimama wima na ya kufungua koo. Yote hayo ni mema, lakini hayafiki kwenye shina la tatizo.

Tatizo huongezeka mwalimu anapopandisha ufunguo kwenye ubeti wa mwisho, tabia iliyoenea mno na isiyo na sababu ya kimuziki. Kwa sauti ya mwanamke, mwangwi wa kwanza wa kinywa (fomanti) wa irabu i na u hukaa karibu na Hz 300 hadi 400, na wa irabu a kwenye Hz 800 na zaidi. Noti ya mi ya juu katika ufunguo wa Do ina Hz 659. Melodi ikifika hapo, i na u huwa zimeshapitwa na noti yenyewe. Soprano aliyefundishwa hushusha taya ili mwangwi wa kinywa ufuate noti. Watafiti wa chuo kikuu cha New South Wales, Australia, waliupima ustadi huo na kuutangaza mwaka 2004. Gharama yake ni kwamba i na u huelekea kusikika kama a. Neno kama Mwokozi likiishia juu hivyo, zi yake ikishikiliwa mapigo manne, mwimbaji huchagua moja kati ya mawili: apige kelele, au neno lipotee.

Dawa ilikuwapo London, katika miaka hiyohiyo ya kazi ya misheni. Kiitalia, kama Kiswahili, huweka mkazo wa maneno mengi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na waimbaji wa opera walikuwa na desturi ya kale katika resitativo, yaani uimbaji unaofuata mwendo wa usemi: silabi hiyo hupewa noti ya juu kidogo, kwenye pigo zito, ikigongana na besi kabla ya kushuka na kutulia. Manuel García alifundisha uimbaji Royal Academy of Music kuanzia 1848. Mwanafunzi wake Jenny Lind, soprano mkubwa wa karne ile, aliitoa sehemu ya mwisho ya maisha yake kufundisha, akawa profesa wa uimbaji Royal College of Music mwaka 1883. Walimu wa aina hiyo wangeambiwa Kiswahili kina mkazo gani, wangeelekeza moja kwa moja kwenye Kiitalia. Badala yake, wamisionari walifuata kitabu cha tenzi cha nyumbani kwao.

Wala wenyeji hawakukosa walimu. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala mwaka 1906 na fonografu yake, akarekodi nyimbo za huku. Makungwi wa unyago walikuwa wakifundisha kuimba, kuanzisha na kuitikia vizazi vingi kabla ya solfa kufika, na katika nyimbo zao lugha ndiyo iliyoongoza melodi. Padre Stephen Mbunga alilitetea jambo hilo kitaalamu mwaka 1963 katika kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alilithibitisha kwa kazi: oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964. Hakuna mtunzi wa kwaya wa sasa aliyewafikia hao wawili, na vinanda vya umeme vyenye mapigo ya kubonyeza vimewarudisha nyuma walio wengi.

Marekebisho ya Eventide hayahitaji noti mpya. So ya mwisho ishikiliwe mapigo mawili hadi bari iishe. Fa ihamie mwanzo wa bari ya mwisho, ikae mapigo matatu juu ya do ya besi, kisha ishuke kwa mi pigo moja. Sauti za pili, tatu na nne hukaa zilipokuwa. Katika solfa, kazi hiyo ni kuhamisha tu vistari vinavyoonyesha urefu wa noti, na mwalimu yeyote wa kwaya wa Masasi au Newala anaweza kuifanya kwa kalamu kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Aifanye, kisha aisikilize sauti ya kwanza kabla ya kuilaumu tena.