Ufundi wa Sentensi Fupi

Wengi wakikisifu Kifaransa hutaja washairi na wanafalsafa wake. Mimi nasifu sentensi ya maneno manne: «Je bois du café», nakunywa kahawa. Mwanafunzi huikariri katika masomo ya mwanzo, akapita. Laiti angetua kidogo! Akikanusha, «du» hutoka, «de» huingia: «Je ne bois pas de café». Akisema anaipenda, huja «le»: «J'aime le café». Kahawa ni ile ile. Kwanza ni kiasi fulani kisichopimwa, kisha haipo kabisa, mwisho ni kahawa kwa jumla, popote ilipo. Msemaji hulazimika kuamua anamaanisha ipi kabla hajaifikia nomino yenyewe.

Upatanisho haupaswi kumtisha mtu wa Kiswahili. Anayesema «kiti kidogo kimeanguka» anajua nomino inavyoitawala sentensi nzima. Ndivyo ilivyo katika «La petite table est tombée»: meza ni ya jinsia ya kike, na kila neno linaloihusu limeitii. Ila «e» ya mwisho katika «tombée» haitamkwi. Huandikwa kwa ajili ya jicho tu, na mwandishi makini haiachi. Mahali pa kivumishi napo pana uzito: «un ancien hôpital» ni jengo lililowahi kuwa hospitali, «un hôpital ancien» ni hospitali kongwe.

Mabingwa hawakuyadharau mambo haya madogo. Gustave Flaubert aliandika *Madame Bovary* kwa takriban miaka mitano huko Croisset, karibu na Rouen, akizisoma sentensi zake kwa sauti kubwa ili sikio lizihukumu. Mwaka 1942 Albert Camus alitoa *L'Étranger*. Riwaya za Kifaransa zilikuwa zimezoea kusimulia kwa «passé simple», wakati uliopita wa vitabuni. Camus akachagua «passé composé», ule wa mazungumzo ya kila siku, unaojengwa kwa kitenzi kisaidizi «avoir» au «être». Msimulizi wake, Meursault, anaeleza mazishi, mauaji na kesi kama mtu anayetoa taarifa ya alichofanya jana. Kila tendo linasimama peke yake, halilisukumi linalofuata, na ubaridi wa mtu yule unatokana na sarufi kabla ya kutokana na maneno.

Umbo hilo la «passé composé» ndilo wanafunzi wa Lubumbashi na Bujumbura hufundishwa mapema shuleni. Kwa hiyo mwalimu anayekata «du» na kuandika «de» kwa wino mwekundu asidhaniwe anashikilia vijambo visivyo na maana. Bingwa hakupewa sarufi nyingine ya siri. Anatumia ile ile ya darasa la mwanzo, ila kila neno dogo ameliweka kwa kukusudia, na yuko tayari kulitetea.