Kindu hadi Lubumbashi: Mzigo Utashushwa Mara Ngapi?

Anayetaka kusafiri kutoka Kindu hadi Lubumbashi ana njia tatu: ndege, treni na barabara. Ndege ikiruka moja kwa moja, miji hii imeachana karibu kilomita 970. Kwa reli ni kama kilomita 1,500. Kwa kawaida watu hulinganisha njia hizo kwa nauli na kwa siku. Vipimo hivyo vinafaa, lakini kuna kingine ambacho mchuuzi yeyote wa Maniema, mkoa wa Kindu, anakijua: mzigo utashushwa na kupakiwa upya mara ngapi kabla haujafika? Kila unaposhushwa pana wapagazi wa kulipwa, pana ghala, pana ushuru, pana mvua, pana wizi, na juu ya yote pana kungoja chombo kingine. Safari ikipimwa hivyo, njia iliyoonekana mbovu kuliko zote inaweza kuwa ndiyo yenye nafuu.

Reli ya kuziba mapengo

Kipimo hiki kinatokana na mto unaopita Kindu, Lualaba. Mto huo haupitiki kwa mfululizo. Kati ya Bukama na Kongolo meli zinapita. Ukishuka chini ya Kongolo, maji yanabanwa na miamba ya Portes d'Enfer, na mbele yake kuna maporomoko mengine kabla ya Kindu. Kutoka Kindu hadi Ubundu, kama kilomita 310, mto unatulia tena. Kisha yanakuja maporomoko saba ya Boyoma hadi Kisangani.

Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 chini ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, haikujenga reli moja ndefu. Iliweka vipande vya reli pale tu mto ulipokataa. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, kilikamilika mwaka 1906. Kikafuata cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Mbali na vipande hivyo vya mapengo, mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, na baadaye mlango wa Ziwa Tanganyika ukafunguka kuelekea Kigoma na Dar es Salaam.

Kwa kampuni, mpango huo ulikuwa wa akili, kwa sababu njia ya maji haihitaji mataruma wala vyuma. Gharama ilimwangukia mwenye mzigo. Reli ya kusini, ile ya Katanga, ilipofika Bukama mwaka 1918, bidhaa iliyotoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilishushwa Bukama na kuingizwa melini. Ilipofika mwisho wa safari ya meli ilishushwa tena na kupakiwa kwenye treni ya CFL, ndipo ikafika Kindu. Hapo imekwisha kushushwa mara mbili njiani. Aliyekuwa akiendelea hadi Kisangani aliongeza mbili nyingine: Kindu, ambako treni iliishia na meli ikaanza, na Ubundu, ambako meli iliishia na treni ikaanza.

Mambo mawili yaliifuta hesabu hiyo upande wa kusini. Mwaka 1955 reli ya CFL ilipanuliwa kutoka upana wa milimita 1,000 hadi 1,067, ilingane na ile ya Katanga. Mwaka 1956 Kamina na Kabalo ziliunganishwa kwa reli. Tangu hapo behewa lililofungwa Lubumbashi liliweza kufunguliwa Kindu bila mkono wa mtu kugusa kilichomo. Kipande cha Ubundu hadi Kisangani kilibaki na upana wake wa zamani, maana kimetengwa na mto na hakina pa kuungana. Ndiyo sababu hadi leo safari ya Kisangani, ambayo ni fupi zaidi kwenye ramani, ina vituo vingi zaidi vya kuhamisha mzigo kuliko safari ya Lubumbashi.

Treni: haishushi, lakini inangoja

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 uliopakiwa Lubumbashi. Unapita Likasi, Tenke, Kamina, Kabalo, unavuka Lualaba kwa daraja la Kongolo, unashuka Kibombo na kuingia Kindu. Haujashushwa hata mara moja. Badiliko kubwa njiani ni la injini: hadi Kamina reli ina umeme, na kuanzia hapo kuja Kindu treni inahitaji injini ya dizeli. Injini ya dizeli ikikosekana, behewa linakaa Kamina hata kama limefika hapo kwa wakati.

Udhaifu wa pili ni kwamba reli ni moja tu, na treni hupishana stesheni. Mvua ikila udongo chini ya mataruma na behewa moja likaacha njia, hakuna pa kulizunguka. Kila kitu kilicho mbele na nyuma yake kinasimama mpaka reli itengenezwe. Hapo ndipo safari ya siku chache inapogeuka ya wiki. Saruji haiozi kama samaki, lakini paa la behewa likivuja katika wiki hizo, mwenye mali atapokea mawe.

Kuna pia hatari kwa watu. Mwezi Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika mkoa wa Lualaba, kwenye reli hiihii kati ya Kamina na Tenke, na zaidi ya watu 60 walikufa. Walikuwa wamepanda treni isiyo ya abiria. Mtu hapandi juu ya mabehewa ya mizigo kwa kupenda. Hupanda kwa sababu treni ya abiria haina siku ya kutegemewa.

Vita viliwahi kuikata njia hii kabisa, na ilikuwa mwaka 2004 treni kutoka Lubumbashi iliporudi Kindu. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa usafiri uliolenga, pamoja na mengine, kuipatia SNCC, kampuni ya reli ya taifa, injini na kukarabati reli. Injini peke yake haiponyi njia. Ikipita juu ya mataruma yaliyolegea, hata iliyo mpya inalazimika kutambaa.

Ndege: pembetatu ya Kinshasa

Ndege inamfaa mtu. Taabu ni kwamba safari za Kindu hufuata soko la mashirika, na mara nyingi njia ya kwenda Lubumbashi ni kupitia Kinshasa. Fanya hesabu: Kindu hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,200, na Kinshasa hadi Lubumbashi karibu 1,570. Jumla inakaribia mara tatu ya umbali wa moja kwa moja. Hata hivyo, ndege zote mbili zikiondoka kama zilivyopangwa, abiria anaweza kufika kabla treni haijapata injini.

Kwa mzigo mambo ni tofauti. Nauli ya ndege huhesabiwa kwa kilo, na kilo ya saruji, chumvi au sabuni haiwezi kubeba nauli hiyo bila bei yake kuruka sokoni. Kwa miaka mingi Kindu ilivumilia gharama hiyo kwa bidhaa zilizoletwa na ndege kutoka Goma. Uwanja wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na Kindu ikaona jinsi ilivyo hatari kutegemea mlango mmoja.

Barabara: kila daraja bovu ni stesheni

Kwa barabara unashuka Kibombo, Kongolo, Manono, Mitwaba, kisha Likasi. Lori zima halipiti mfululizo katika kila kipande, hasa wakati wa mvua. Pikipiki inapita, lakini inabeba kidogo na inabeba pia madumu ya mafuta yake. Kila daraja lililobomoka linageuka kituo: mzigo unashushwa, unavushwa kichwani au kwa mtumbwi, unapakiwa upya. Kwa kipimo chetu hii ndiyo njia mbaya kuliko zote ukiifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa safari fupi za katikati ndiyo bora, kwa sababu mchuuzi wa Kibombo anayekwenda sokoni hana sababu ya kungoja treni isiyojulikana siku yake.

Msomaji wa ng'ambo ya mto asisahau kituo kimoja zaidi. Stesheni ya Kindu iko upande wa magharibi wa Lualaba, na hapa mjini hakuna daraja. Mali inayotoka Kalima au Punia inafika Alunguli, ukingo wa mashariki, inashushwa, inavushwa, inapakiwa tena hadi stesheni. Wengi husahau gharama hiyo wanapopanga bei.

Hukumu

Kosa la kawaida ni kuchagua njia moja kwa ajili ya mtu na mzigo wake kwa pamoja. Watenganishe. Mwenye shughuli apande ndege. Mali nzito isiyooza iende kwa reli, pamoja na mtu wa kuisindikiza anayelipwa kwa kufikisha na si kwa siku, maana anayelipwa kwa siku hana haraka. Saruji na chumvi zifungwe ndani ya nailoni hata kama behewa lina paa. Ukiweza, pakia kati ya Juni na Agosti, mvua zinapopungua. Samaki, mafuta ya mawese na mchele wa kuuzwa jirani viachie barabara na mto.

Kwa SNCC na serikali ya mkoa ombi ni dogo kuliko kujenga reli mpya. Bandikeni kila stesheni, Kindu, Kongolo, Kabalo na Kamina, tangazo la treni iliyoko njiani, ilipo leo na kinachoizuia, na lisasishwe kila siku. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia wiki tatu akizijua mapema. Asipozijua, atakopa fedha asizoweza kulipa, au atapakia ndegeni vitu visivyostahili ndege, na sisi tutalipa tofauti hiyo sokoni.

Reli ya Kindu tayari inafanya lile gumu kuliko yote: inavusha mzigo kilomita 1,500 bila kuushusha. Iliyobaki ni kuambiwa itafika lini.