Meno 24 Juu ya Ngozi ya Mninga

Mliokuwepo mtaa wa Biwi milango ile ya kabati ilipokatwa mliona wenyewe, kwa hiyo sizunguki: fundi aliharibu kazi kabla hajawasha mashine. Mengine aliyafanya vizuri. Ubao wa kuongozea aliubana kwa klampu, kipimo kilikaa sawa, mkono haukuyumba.

Tatizo ni diski. Kwenye msumeno wa milimita 185 aliacha diski ya meno 24, ileile aliyopasulia msonobari asubuhi. Hiyo ni ya kwenda na nyuzi za mti, kula haraka haraka. Ukiikatisha nyuzi, kila jino hubeba zaidi ya linaloweza kukata, na kinachobaki hukinyofoa. Na milango ile ilikuwa plaiwudi iliyovikwa mninga, au mlombwa kama wasemavyo wenyeji wetu, ngozi isiyofika hata milimita moja. Diski ya meno 60 ilikuwa inaning'inia msumarini nyuma yake! Alipoulizwa, akajibu kwamba anauwahi umeme usikatike. Kubadilisha diski ni kulegeza boliti moja. Tuna mengi ya kulaumu umeme wa mji huu, hili halimo.

Kisha akaulaza uso mzuri juu. Kwenye msumeno wa umeme wa mkononi jino la mbele linapanda, linatokea juu, na linapotokea ndipo linapochana. Uso mzuri hutazama chini. Kwenye msumeno wa meza jino linashuka, basi ugeuze. Jigso nayo hukata ikipanda, isipokuwa umetia wembe wa meno yaliyogeuzwa. Tena diski aliizamisha yote, ikawa inapanda karibu wima na kunyanyua ngozi kwa nguvu zaidi. Ingetosha kuchungulia upande wa pili kwa kimo cha jino.

Habari ya wati nimeipigia kelele hadi nimechoka. Watu wanaingia dukani wanauliza mashine ina nguvu kiasi gani, hakuna anayeuliza meno. Msumeno wa kawaida wenye diski kali ya meno mengi utaushinda mkubwa wenye diski butu, kila siku ya Mungu. Kabla ya kulipa, pima tundu la katikati, maana diski ya tundu la milimita 30 haikai kwenye mhimili wa 20 bila pete. Wale wanaofunga diski ya mbao kwenye grinda, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, sitawajibu tena. Wahesabu vidole.

Wazee wa Uvira na Bujumbura niliowakuta kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hawakuwa na umeme wa kuuwahi. Mzee alichora mstari kwa kisu, akiukandamiza mpaka nyuzi za juu zikatike, kisha akapitisha msumeno wa mkono upande wa kutupwa, uso mzuri ukiwa juu, kwa kuwa msumeno ule hukata ukisukumwa chini. Vibanzi vilivunjikia kwenye mstari wa kisu na kuishia hapo. Randa ilipita mara moja tu. Kisu hicho kingeokoa hata milango ya Biwi, pamoja na meno yake 24.

Badala yake fundi akajaza mapengo kwa gundi na unga wa mbao. Ikiwa kavu, kazi ilipendeza. Vanishi ilipopita, gundi ikakataa rangi, na kila pengo likajitokeza jeupe kuanzia juu hadi bawaba ya chini.