Kahawa ya Boma Moja

Naitiri ni nchi ya mahindi. Tangu mashamba ya walowezi yagawiwe wananchi miaka ya 1960, gunia la mahindi ndilo lililosomesha watoto wetu, na mgeni akibisha hodi huwekewa birika la chai ya maziwa. Kahawa ni habari ya mlimani. Ukitoka hapa hadi Kamukuywa, ukavuka barabara kuu ya Kitale na kushika gari la Kimilili, halafu ukapanda Kapsokwony, hewa huanza kupoa, udongo huzidi wekundu, na kando ya migomba unaiona mibuni imejipanga. Huo ndio mteremko wa Elgon, mlima ambao Wabukusu tunauita Masaba. Huko wapo wakulima wachache walioapa kwamba kahawa ya boma lao haitachanganywa na ya mtu mwingine, tangu tawini hadi guniani. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Desturi ya kahawa ni kuchanganywa. Mkulima wa kawaida hupeleka matunda yake kwenye kiwanda cha ushirika, yakapimwa, akapewa risiti, kisha yakamwagwa pamoja na ya jirani. Aliyechuma mabivu matupu na aliyekwangua tawi zima, mabichi kwa makavu, hulipwa bei moja kwa kilo. Siubezi ushirika. Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata aliporuhusiwa ilikuwa sehemu chache tu, kama Meru, Embu na Kisii. Mlango ulipofunguliwa kwa wengi baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, ni ushirika uliomwezesha mwenye mibuni mia mbili nyuma ya nyumba kufika sokoni. Lakini mchanganyiko huficha. Huficha uvivu, na pia huficha bidii, na hili la pili ndilo linaloniuma. Kwa miaka mingi sheria ilimtaka mwenye shamba chini ya ekari tano apitie kiwanda cha ushirika, kwa hiyo aliyekuwa na ekari zake tano na mashine yake mwenyewe alipata haki isiyo ya kila mtu: kuhukumiwa kwa kazi ya mikono yake.

Kazi yenyewe huanza na macho. Mbuni hautoi matunda yote siku moja. Kwenye kishada kimoja utakuta jekundu, la njano na la kijani yamebanana. Maua huchanua mvua za Machi zikishashika, na tunda huchukua kama miezi minane au tisa kuiva. Kadiri shamba lilivyo juu, ndivyo usiku ulivyo na baridi, ndivyo tunda linavyokawia, na punje iliyokawia huwa ngumu, nzito, yenye utamu uliojikusanya taratibu. Basi mchumaji hurudi kwenye mti uleule kila baada ya siku kumi au wiki mbili hadi karibu na Krismasi, na kila akirudi huchuma lile jekundu lililokolea, hilo tu. Hulisokota kidogo kwa vidole mpaka liachie, maana akilinyofoa kwa pupa hulijeruhi tawi. Mchumaji anayelipwa kwa debe hana sababu ya kubagua, kwa hivyo boma la namna hii ama huongeza malipo ya debe safi, ama huchuma lenyewe. Jioni matunda humwagwa juu ya turubali na watu wote huinama kuchambua. Yaliyotobolewa na wadudu hutolewa, mabichi hutolewa, yaliyokaukia mtini hutolewa. Haya hayatupwi. Huanikwa na maganda yake na kuuzwa kwa bei ya chini, na sokoni huitwa mbuni, jina lilelile la mti. Na bado hesabu ni kali: kilo sita au saba za matunda huzaa kilo moja tu ya kahawa safi.

Kumenya hakungoji kesho. Mashine, nyingine bado za kuzungushwa kwa mkono, hulivua tunda ganda lake jekundu, na punje hutoka zimevaa ute. Maji huzipanga bila upendeleo: nzito huzama, nyepesi huelea na kuondolewa. Zilizozama huvundikwa kwenye tangi usiku kucha, na kukiwa na baridi hata zaidi. Hapa ndipo fundi hujulikana. Saa ya ukutani haiamui lolote. Mwenye kazi hutia mkono ndani ya tangi, akachota punje na kuzisugua kiganjani. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, ute umekwisha na zioshwe papo hapo, kwani zikipitiliza hupata uchachu wa kuvunda ambao hakuna mkaangaji awezaye kuufuta. Wapo wenye vipimajoto na daftari, na ninawapongeza, lakini tangi linapotia shaka huitwa mkono wa bibi.

Baada ya kuoshwa, kahawa nyingi ya Kenya hulowekwa tena kwenye maji safi, desturi ambayo wengi huihesabu miongoni mwa sababu za ladha yake kuwa angavu. Maji hayo yote yana mwisho wake. Mito ya upande wetu wa Elgon hushuka hadi Nzoia, na maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni huuharibu mto kwa wanaochota chini. Boma lisilochimba shimo la kuyapokea, hata kahawa yake iwe tamu namna gani, mimi silihesabu miongoni mwa mafundi.

Kisha vichanja. Punje husambazwa kwa tabaka jembamba juu ya wavu, zikapigwa na upepo juu na chini. Kwa karibu wiki mbili, kutegemea jua, hakuna anayeondoka nyumbani kwa utulivu. Jua la mchana likizidi, ganda la ndani hupasuka, hivyo kahawa hufunikwa. Wingu likitokea upande wa Uganda, hufunikwa. Jioni hufunikwa, asubuhi hufunuliwa, na katikati hapo hugeuzwa na kuchambuliwa tena, mikono ikitoa kila punje iliyovunjika au iliyobadilika rangi. Lengo ni unyevu wa asilimia 11 hivi. Zamani watu walijua kwa kuuma punje, na wazee wengi huuma hadi leo hata kama kipimo kiko mezani.

Mikono hiyo ni ya nani? Mingi ni ya akina mama. Lakini katika nyumba nyingi za kahawa nchini, jina lililo kwenye rejesta na akaunti ya benki ni la baba, na wengine huzisikia pesa kwa masimulizi. Nikiambiwa hii ni kahawa ya familia, hupenda kujua kwanza kama familia yote hulipwa.

Mbegu nayo imetembea sana kabla ya kufika hapa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walileta kahawa kutoka kisiwa cha Réunion hadi Bagamoyo katika karne ya 19, ikapanda Bura kule Taita mwaka 1893, na baadaye ikafika Nairobi. Miaka ya 1930, maabara ya Scott kule Kabete iliteua miche bora. SL34 ilihesabiwa kuwa ya uzao huo wa mapadre, na SL28 ilitokana na mbegu zilizochukuliwa Monduli, Tanganyika, zikisifiwa kwa kuvumilia ukame. SL28 ndiyo hutoa ule uchachu mtamu wa zambarau ambao wanunuzi wa ng'ambo huusafiria, ila ni mti dhaifu mbele ya chulebuni. Ugonjwa huo uligunduliwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1922, tena huku kwetu magharibi mwa Kenya. Watafiti wa Ruiru walijibu kwa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, aina zinazostahimili. Anayeendelea kuilea SL28 kwenye ukungu wa Elgon amechagua gharama ya dawa na usiku wa wasiwasi, na kila mvua ikizidi hujiuliza kama alichagua vyema.

Wengi hawakuweza. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, bei ilianguka, na mibuni mingi ikaachwa vichakani au ikang'olewa kupisha miwa na mahindi. Kenya iliyokaribia tani 130,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 siku hizi huzunguka tani 50,000 au chini yake. Hata sokoni, majina yaliyotajwa kwanza yalikuwa Nyeri na Kirinyaga, na kahawa ya Bungoma, kaunti yetu, ikawa nyongeza.

Kinachobadilisha hali hiyo ni kijiko cha mwonjaji. Punje zikishakobolewa hupangwa kwa ukubwa, AA zikiwa zile zinazobaki juu ya chujio la milimita zaidi ya 7, halafu AB, na PB ambazo ni punje za mviringo zilizokua pekee ndani ya tunda. Wengi hudhani AA ni ladha. Si ladha, ni kimo, na nimewahi kunywa AB iliyoishinda AA bila jasho. Ladha huamuliwa na waonjaji wanaovuta kwa kishindo kutoka kijikoni na kutoa alama kati ya 100. Kahawa ikifika 80 huhesabiwa ya daraja maalumu. Mbele ya mwonjaji mlima hausemi lolote kwa niaba ya mkulima: tangi lililosahaulika huonekana, na kichanja kilichonyeshewa huonekana pia. Tangu serikali iruhusu mauzo ya moja kwa moja nje ya mnada wa Nairobi katikati ya miaka ya 2000, mnunuzi aliyeipenda sampuli anaweza kuifuata hadi kwenye boma lenyewe.

Anayeifuata mara nyingi ni Mjerumani, Mmarekani au Mkorea. Kahawa chungu ya Mombasa ina heshima yake, na tangawizi yake siitoi kasoro, lakini ni kinywaji kingine. Hii ya mlimani hukaangwa kidogo tu, husagwa siku ya kunywewa, na haidai sukari. Punje za Kapsokwony na Chesikaki husafiri baharini ilhali Bungoma mjini unawekewa kopo la unga wa kahawa na maji moto. Basi ukiingia mkahawa wowote Eldoret, Kitale au Nairobi, uliza kahawa hii ni ya boma gani, na ilichumwa mwezi gani. Ukijibiwa kwa jina la nchi tu, bado hujajibiwa, uliza tena.